Je, Wajua? Kinyago Kikibadilika, Mchezo Nao Hubadilika

Je, wajua kuwa huko Newala, juu ya uwanda wa Makonde, mwanamume huweza kuingia uwanjani akiwa mjamzito? Siku wari wanapotolewa jandoni au unyagoni, mchezaji wa midimu, ngoma ya vinyago, huvaa kinyago cha uso wa mwanamke, na kifuani ubao uliochongwa matiti na tumbo lililojaa. Akishauvaa, harukiruki tena. Hucheza uzito na uchungu wa mwenye mimba. Mwingine huja juu ya magongo marefu, naye ana mwendo wake. Kaskazini ya mto Ruvuma kinyago hufunika uso. Kusini, upande wa Msumbiji, lipiko huvaliwa kichwa kizima kama kofia. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu na kamera ya sinema, akizinasa ngoma na nyimbo za huko.

Nayasema haya kwa sababu wapenzi wa gemu zenye hadithi wana ubishi wao: gemu ikichanganya mapigano, mafumbo, mbio na kuruka, hadithi inanoga au inapotea? Mimi naona watu wa uwanda walishalijibu swali hilo. Mtindo ubadilike pale mhusika anapobadilika.

Je, wajua kuwa ipo gemu ya vinyago inayosema Kiswahili? Ni Tales of Kenzera: ZAU, iliyotoka Aprili 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na ilizaliwa na msiba wa baba yake. Kijana Zau anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba. Ana vinyago viwili: cha jua hupigana ana kwa ana, cha mwezi hupiga kwa mbali. Katikati ya vita hukaa chini ya mbuyu na kuongea na Kalunga juu ya majonzi yake. Kwangu mimi, pale mbuyuni ndipo moyo wa gemu ulipo. Mchezaji ametoka kupigana, vidole vimechoka, na sasa anaweza kusikiliza.

It Takes Two ya 2021 imekwenda mbali zaidi. Haichezwi na mtu mmoja, na karibu kila sura ina mchezo wake. Mume na mke walio ukingoni mwa talaka wanageuka vikaragosi. Mume anapewa misumari, mke nyundo, na hakuna anayevuka bila mwenzake. Hadithi yenyewe inahusu kusaidiana, basi vifaa vinaisimulia.

Brütal Legend ya 2009 ilijikwaa. Ilianza kama safari ya shujaa mmoja mwenye shoka, kisha ikamtaka mchezaji aamrishe majeshi. Wengi walihisi wamebadilishiwa gemu mkononi.

Na je, wajua kuwa bao la Kiswahili nalo hubadilika katikati? Kete ni 64, mashimo 32. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Katika awamu ya kwanza, namua, huingiza kete moja moja. Za mkononi zikiisha, awamu ya pili, mtaji, huanza, na sheria za kucheza hubadilika. Kuanzia hapo haiji kete mpya: kila kitakachotokea kimeshapandwa ubaoni.