Taa ya injini ikiwaka, usikimbilie duka la vipuri

DALILI ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Kwa mwenye pikapu kuukuu, wingu lenyewe ni ile taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini, ambayo huwaka kwenye dashibodi wakati asioutarajia, pengine alfajiri akiwa amepakia kabichi za kupeleka soko la Wakulima jijini Nairobi.

Hapo ndipo familia nyingi huanza kuumia. Gari ndilo linalolipa karo na kodi ya nyumba, kwa hivyo mwenyewe hutaka lipone siku hiyo hiyo. Fundi wa kwanza anamwambia ni plagi, wa pili anasema ni pampu ya petroli, wa tatu anaapa kuwa ni sensa. Mwenye gari anapanda na kushuka Barabara ya Kirinyaga akinunua vipuri, na jioni taa ingali inawaka.

Ukweli ni kwamba taa hiyo ni shahidi, si hakimu. Husema kwamba kuna jambo limeonekana, wala haisemi ni kifaa gani kitupwe.

Kwanza, tazama inavyowaka. Ikiwaka bila kumetameta na gari linakwenda vyema, waweza kumaliza safari kwa utaratibu kisha ulipeleke likapimwe. Lakini ikimetameta huku gari likitetemeka, kuna silinda isiyochoma petroli ipasavyo. Petroli hiyo hupita hadi kwenye ekzosi na kukiunguza chombo cha kusafishia moshi, ambacho ni ghali kuliko plagi. Punguza mwendo na usimame mahali salama. Aidha, usiichanganye na taa nyekundu ya oili au ya joto. Hizo zikiwaka, egesha gari na uzime injini mara moja.

Pili, namba isomwe. Kompyuta ya gari huhifadhi namba ya hitilafu iliyoiona. Marekani iliamuru magari madogo na pikapu zote za kuanzia mwaka wa 1996 zitumie mfumo mmoja wa namba hizo, na nchi nyingine zikafuata baadaye. Fundi huchomeka skana katika soketi yenye pini 16 iliyo chini ya dashibodi, karibu na usukani. Pikapu za Japani za miaka ya 1990 huenda zikawa na mfumo wa kiwanda chao, kwa hivyo uliza mapema iwapo skana ya fundi inaweza kuzisoma. Baadhi ya Toyota za wakati huo husomwa kwa kipande cha waya tu, fundi akihesabu taa inavyometameta.

Tatu, na hapa ndipo pesa hupotea, namba ipimwe kabla ya kununua chochote. Chukua P0301. Maana yake ni kuwa silinda ya kwanza haichomi vizuri. Ikiwa kila silinda ina koili yake, fundi mwangalifu ataihamishia koili hiyo kwenye silinda ya pili. Namba ikigeuka P0302, koili ndiyo mbovu. Isipogeuka, afanye vivyo hivyo kwa plagi. Majaribio hayo hayahitaji kipuri hata kimoja. Hitilafu ikikataa kuhama, kompresheni ipimwe, kwa kuwa katika injini iliyotembea kilomita 300,000 huenda ringi au valvu zimechoka. Ni afadhali kulijua hilo kabla ya kutumia karo ya mtoto kununua koili mpya.

P0171 nayo husema hewa imezidi petroli. Katika gari la umri huo, anza na mipira ya hewa iliyopasuka, kisha sensa ya kupima hewa iliyojaa vumbi, halafu chujio na pampu ya petroli. P0420 hulalamikia chombo cha kusafishia moshi, lakini tundu dogo kwenye ekzosi laweza kuidanganya kompyuta. Na kama injini inakula oili, chombo kipya nacho kitaharibika.

Wapo wanaotoa waya wa betri ili taa izime. Taa itazima kweli, lakini katika magari mengi namba hufutika, pamoja na kumbukumbu ya mwendo na joto la injini wakati hitilafu ilipotokea. Kama ugonjwa haujatibiwa, taa itarudi baada ya safari chache. Namba iandikwe kwenye daftari kwanza, ndipo ifutwe.

Kwa anayenunua pikapu iliyotumika, fungua swichi kabla ya kuwasha injini. Taa hiyo yapasa kuwaka. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa au imezibwa, na muuzaji ana la kueleza.

Makanika wengi ni watu waaminifu wanaojua kazi yao, na mteja anayeuliza vizuri huwasaidia kuifanya. Kabla hujatoa pesa za kipuri, muulize maswali mawili: namba ni ipi, na umehakikisha vipi kwamba kipuri hiki ndicho kibovu? Asipoweza kulijibu la pili, pesa zibaki mfukoni hadi apime.