Jarife, juya na upepo: Mkristo wa kawaida aielewe vipi Biblia?

MKRISTO anayepelekwa kufanya kazi Faza, katika kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu, hujikuta mbali na kanisa alilolizoea. Wenyeji wa mji huo takriban wote ni Waislamu, na Wakristo walioko aghalabu ni walimu, wauguzi na watumishi wengine wa umma kutoka bara. Ataielewaje Biblia yake pasipo mhubiri wa kumfafanulia?

Waama, mtu huyo amezungukwa na msaada asioutarajia. Biblia ya Muungano, iliyochapishwa mwaka wa 1952 na ambayo ingali inasomwa katika makanisa mengi, iliandikwa kwa Kiswahili chenye asili ya pwani. Kabla yake zilikuwapo kazi za Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, na za Askofu Edward Steere wa Unguja. Ndiyo maana baadhi ya maneno yanayomtatiza msomaji wa bara ni ya kila siku kwa mvuvi.

Chukua Mathayo 13:47, ambapo ufalme wa mbinguni unafananishwa na juya. Msomaji wa bara hudhani ni wavu wowote tu. Mvuvi atamweleza kwamba juya hukokotwa na watu kadhaa, likazoa kila lililomo majini, samaki wakubwa na wachanga. Kwa sababu ya uharibifu huo, Serikali ya Kenya ililipiga marufuku mwaka wa 2001. Sifa hiyo hiyo ndiyo kiini cha mfano: juya halibagui, na kuchagua huja baada ya kufika ufuoni. Asiyelijua atadhani fumbo hilo linasifu bidii ya wavuvi, kumbe linahusu hukumu.

Hata hivyo, mvuvi huyo huyo akisomewa Mathayo 4:18, ambapo Petro na Andrea wanatupa jarife, huenda akashangaa, kwa kuwa jarife alijualo yeye ni wavu mkubwa wa kutega. Swali lake ni la haki. Neno la Kigiriki lililotumiwa hapo ni la wavu wa mviringo unaorushwa kwa mkono, ambao pwani huitwa kimia. Ikumbukwe basi kuwa tafsiri ni kazi ya binadamu, na ni busara kulinganisha zaidi ya moja.

Mazingira nayo yanaweza kupotosha. Luka 12:55, katika Kigiriki, inataja upepo wa kusini kuwa ndio uletao joto. Faza mambo ni kinyume: joto kali huja wakati wa kaskazi, ilhali kusi huleta mvua na bahari chafu. Lakini kusini mwa Palestina ni jangwa. Msomaji hana budi kwanza kuuliza maneno hayo yaliambiwa nani, na wapi, kabla ya kuyaleta nyumbani kwake.

Hili si suala la wasomi pekee. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ya waumini waliodaiwa kushawishiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Muumini anayejisomea sura nzima, badala ya kupokea aya moja iliyonyofolewa, ana ngao dhidi ya mafundisho ya aina hiyo.

Wala kujisomea si kujitenga. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, towashi wa Kushi alikuwa akisoma kitabu cha Isaya garini mwake, na alipoulizwa na Filipo kama anaelewa, alikiri kwamba alihitaji mtu wa kumwongoza. Hakuona haya, licha ya cheo chake.

Kwa hiyo, msomaji na aanze na sura nzima, alinganishe tafsiri, kisha aulize. Anayeulizwa anaweza kuwa mchungaji. Na iwapo jambo lenyewe ni wavu, anaweza kuwa mvuvi Mwislamu wa Faza.