Saumu Hufunguliwa, Haivunjwi

Waingereza wana kitenzi chao "break", ambacho maana yake ya asili ni kuvunja. Sahani ikianguka ikapasuka, hutumika hicho. Lakini hicho hicho hutumika pia kwa mafumbo: kwao ahadi huvunjwa, alfajiri huvunjika, hata saumu nayo huvunjwa.

Sisi nasi twavunja mengi yasiyokuwa sahani. Twavunja ahadi, twavunja mtu moyo, na Shaabani ikielekea ukingoni twavunja jungu, wala hapana chungu kipasukacho. Basi mfasiri akiona lugha mbili zimekutana kwenye ahadi, hudhani zitakutana kila mahali. Hapo ndipo ajikwaapo. Alfajiri yetu haivunjiki, hupambazuka.

Hatari zaidi ni kwenye saumu. Mwingereza akisema kwamba mtu "amevunja saumu" wakati wa magharibi, makusudio yake ni kuwa amefuturu. Kwa Kiswahili, aliyevunja saumu ni aliyeibatilisha, mathalani kwa kula mchana makusudi bila ya udhuru, naye ana siku ya kulipa. Ukiandika kwamba waumini walivunja saumu pamoja msikitini, umewasingizia dhambi watu waliotimiza ibada yao.

Sababu yenyewe i wazi. Saumu kwetu hufungwa, na kilichofungwa hufunguliwa. Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa habari, jua likishatua andika: walifuturu, au walifungua.