Bunduki ya Kichina na mikono ya raia: kwa nini halali ya Kanada si halali ya Bwera

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF waliivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, karibu na mpaka wa Mpondwe, na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Swali ambalo wakazi wa Bwera na Kasese walikuwa wakijiuliza tangu vita vya miaka ya 1990 lilizidi kuwa zito baada ya usiku ule: je, raia anayetaka kulinda nyumba yake, duka lake au shamba lake la kahawa anaweza kumiliki bunduki kwa halali? Na iwapo ana ndugu ughaibuni aliyeinunua yake dukani kama anunuavyo baiskeli, je, bunduki hiyo inaweza kuletwa nyumbani?

Kwa swali la kwanza, jibu ni ndiyo, kwa masharti. Kwa swali la pili jibu ni refu zaidi, kwa sababu linategemea jambo ambalo watu wengi hawalifikirii hadi wanapofikishwa mbele ya hakimu: bunduki hiyo imewekwa katika daraja gani na sheria. Daraja hilo huamua nani aruhusiwe kuimiliki. Nchini Uganda, laweza pia kuamua ni mahakama ipi itakayomhukumu atakayekutwa nayo bila ruhusa.

Bunduki moja, madaraja matatu

Tuchukue mfano wa bunduki ya Kichina iitwayo Type 97, ambayo vijana wenye ndugu Kanada huenda wameiona katika picha za simu. Ni ndugu wa QBZ-95, silaha ya jeshi la China iliyoonekana hadharani mara ya kwanza mwaka 1997, Hong Kong iliporejeshwa kwa China. Type 97 ilitengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje, na hutumia risasi za milimita 5.56, zilizoenea katika nchi nyingi, badala ya zile za milimita 5.8 za jeshi la China.

Umbo lake ni la pekee. Katika bunduki nyingi tulizozizoea, ikiwemo ile ambayo Waganda huiita SMG, magazini hukaa mbele ya kifyatulio. Katika Type 97 magazini na chemba ya risasi viko nyuma ya kifyatulio, ndani ya kitako. Matokeo yake ni kwamba bunduki nzima inakuwa fupi, ilhali mtutu wake unabaki mrefu. Askari anayeshuka garini huipenda kwa sababu hiyo. Mwanasheria naye hutatizika kwa sababu hiyo hiyo, maana sheria nyingi hupima urefu.

Kanada ilikuwa miongoni mwa nchi chache ambako bunduki hiyo iliuzwa kwa raia wapenda shabaha. Marekani, soko kubwa kuliko yote, ilikuwa imeufunga mlango kwa bunduki nyingi za Kichina tangu mwaka 1994. Sheria ya Kanada ina madaraja matatu ya silaha: zilizopigwa marufuku, zenye vizuizi maalumu, na zisizo na vizuizi hivyo maalumu, ambazo hata hivyo huhitaji leseni. Bunduki inayojipakia yenyewe ikiwa na mtutu mfupi kuliko milimita 470 huangukia daraja la kati. Type 97 ya raia ilitengenezwa kwa mtutu uliopita kipimo hicho kwa kiasi kidogo tu, nayo ilifyatua risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa.

Hata hivyo safari yake haikuwa nyoofu. Polisi wa taifa wa Kanada waliamua kwamba bunduki za kundi la awali zingeweza kugeuzwa kwa urahisi zikafyatua mfululizo. Zikahamishiwa kwenye daraja la marufuku, na watu waliokuwa wamezinunua kwa halali wakatakiwa kuzisalimisha. Baadaye toleo lililorekebishwa likaruhusiwa. Kisha tarehe 1 Mei 2020 serikali ya nchi hiyo ikapiga marufuku takriban aina 1,500 za bunduki zenye asili ya kijeshi, na orodha hiyo ikaendelea kurefushwa. Kwa hiyo hata huko, neno la muuzaji kwamba "hii ni halali" ni neno la siku hiyo.

Jina lisilotosha

Kwetu sisi bunduki ya Kichina iliyozoeleka ni nyingine, nayo ni Type 56. Hapa pana jambo ambalo hata vyumba vya habari hulikosea mara kwa mara. China ilipochukua miundo ya Kisovieti mwaka 1956, iliipa jina hilo hilo silaha zaidi ya moja. Type 56 ni nakala ya Kalashnikov, yenye uwezo wa kufyatua mfululizo. Type 56 pia ni nakala ya SKS, bunduki ndefu ya risasi kumi inayofyatua moja moja. Na kuna rashasha nyepesi yenye jina hilo pia. Afisa wa forodha aliyeshika karatasi iliyoandikwa "Type 56" bila maelezo mengine hawezi kujua ana nini mbele yake mpaka afungue sanduku.

Mimi ambaye kazi yangu ya kila siku ni kutafsiri taarifa za habari nakiri kwamba Kiswahili chetu cha habari hakijasaidia sana. Tumezoea kuandika "bunduki ya kivita" kwa kila kitu chenye magazini, na "bastola" kwa kila kilicho kifupi. Sheria haiulizi inaonekanaje. Huuliza inafanya nini: je, ukivuta kifyatulio mara moja itatoka risasi moja, au zitaendelea kutoka hadi uachie? Je, baada ya risasi moja inajipakia yenyewe, au mpaka mkono uvute komeo?

Uganda inasema nini

Sheria ya Silaha za Moto ya Uganda ni ya mwaka 1970. Msingi wake ni mmoja: hakuna mtu anayeruhusiwa kununua, kupata au kuwa na bunduki au risasi bila cheti halali, na kila bunduki lazima iwe na cheti chake. Kuingiza silaha nchini nako kunahitaji kibali, na kibali hicho hutafutwa kabla mzigo haujaondoka huko utokako. Kanada nayo hudai kibali cha kuitoa. Ndugu anayeifungua bunduki vipande vipande na kuificha ndani ya sanduku la nguo amevunja sheria za nchi mbili kabla ndege haijatua Entebbe.

Mwombaji hapa nchini huanzia kijijini. Mwenyekiti wa LC1 anapaswa kumfahamu na kumtambulisha, maafisa wa usalama wa tarafa na wilaya humchunguza, na kamanda wa polisi wa wilaya huipitisha barua yake hadi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho. Huulizwa sababu yake, afya ya akili yake, mahali atakapoihifadhi na kama amefundishwa kuitumia. Bunduki anayoishika mlinzi wa benki mjini Kasese haiwi mali yake kwa sababu tu analala nayo begani. Jukumu la kisheria ni la kampuni yake.

Juu ya sheria hiyo ya ndani kuna Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na kuanza kutumika mwaka 2006. Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ni miongoni mwa nchi zilizoisaini. Nchi hizo ziliahidi kuingiza katika sheria zao katazo kamili la raia kumiliki bunduki zinazofyatua mfululizo, bunduki ndefu zinazojipakia zenyewe, na rashasha. Soma tena hiyo ya katikati. Type 97 ya raia wa Kanada, ile iliyozuiwa isifyatue mfululizo, bado inajipakia yenyewe. Chini ya itifaki hiyo haina nafasi mikononi mwa raia wa Bwera, iwe na mtutu mrefu au mfupi.

Itifaki inadai pia kila silaha inayoingizwa ichorwe alama ya nchi na mwaka wa kuingizwa. Na mwaka 2018, baada ya kuuawa kwa mbunge Ibrahim Abiriga, Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba bunduki zote nchini zichukuliwe "alama za vidole", yaani kumbukumbu ya michubuko ambayo kila mtutu huiacha juu ya risasi zake.

Maneno yanayobadili mahakama

Linalopaswa kumgusa zaidi msomaji wa mpakani halimo katika Sheria ya Silaha za Moto. Limo katika Sheria ya Jeshi la UPDF ya mwaka 2005, ambayo kifungu chake cha 119 kilimweka chini ya sheria ya kijeshi raia yeyote anayekutwa isivyo halali na silaha, risasi au vifaa ambavyo "kwa kawaida ni vya jeshi peke yake". Hakuna kipimo cha milimita katika maneno hayo. Swali la daraja, ambalo Kanada huligawanya katika orodha ndefu ya majina na vipimo, hapa limebebwa kwa sehemu kubwa na maneno hayo machache. Na raia wengi wamejikuta mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi, Makindye, kwa sababu yake.

Mwanasiasa wa upinzani Dkt. Kizza Besigye alifikishwa huko Novemba 2024 akishtakiwa, pamoja na mengine, kuwa na bastola, silaha ambayo raia mwenye cheti huweza kuimiliki. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi kunakiuka katiba, na ikaamuru kesi hizo zihamishiwe mahakama za kawaida. Furaha ya mawakili haikudumu. Tarehe 20 Mei mwaka huo huo Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya jeshi, na Rais akayatia saini mwezi Juni. Yanaruhusu tena raia kushtakiwa katika mahakama za kijeshi katika mazingira kadhaa, na kukutwa na silaha za jeshi ni mojawapo. Marekebisho hayo nayo yamepingwa mahakamani.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye hatari kwa mtu wa kawaida wa Kasese, kuliko katika ndoto ya kuagiza bunduki kutoka ng'ambo. Ni wachache wenye fedha za kuagiza. Lakini milima ya Rwenzori imepita katika vita, na jembe huweza kugonga chuma kilichofukiwa na mtu aliyekwisha kufa. Kalashnikov yenye kutu ni silaha ya jeshi hata kama haifyatui tena. Anayeipeleka nyumbani "ili kesho aipeleke polisi" ameshaishika usiku mzima bila cheti.

Aliyeikuta anashauriwa asiiguse wala kuifuta udongo, maana huenda imetegwa, na michubuko na alama zake ni ushahidi. Aache mtu mwingine pembeni awazuie watoto, amwite mwenyekiti wa LC1, na polisi waje mpaka mahali ilipo.

Kwa wafanyabiashara wanaovuka kwenda Kasindi kuna jambo moja zaidi. Cheti cha Uganda hakivuki mto Lhubiriha pamoja na mwenyewe. Upande wa pili ni Kivu Kaskazini, jimbo lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, ambako kesi za jinai zilikabidhiwa mahakama za kijeshi. Mwenye bastola halali anayevuka kununua bidhaa anapaswa kuiacha mahali salama upande wa Uganda kabla hajafika darajani.