Dawa ya Kupe na Maji ya Kuichanganyia

Ng'ombe wa maziwa hawafugwi mashambani tu. Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama vile Dandora, Njiru na Ruai, wako watu wafugao ng'ombe wachache karibu na nyumba zao, na wengi huwapulizia dawa ya kupe kwa bomba la mkono. Adui wao mkubwa ni kupe wa kahawia akaaye masikioni. Yeye ndiye aletaye ndigana kali, ugonjwa uwezao kumwua ng'ombe wa kizungu kwa majuma machache.

Pengine mfugaji hununua dawa nzuri, akapulizia, lakini kupe hawafi. Hapo huilaumu dawa, au safari ya pili huitia maradufu. Yafaa kwanza ayatazame maji.

Maji yaweza kuiharibu dawa kwa njia tatu. Ya kwanza ni uchafu. Dawa kama saipamethrini hushikamana na matope na samadi, ikazama chini ya ndoo, isifike mwilini mwa ng'ombe. Kwa hiyo maji ya Mto Nairobi, ambao hupita kando ya jaa la Dandora, hayafai kwa kazi hii.

Ya pili ni uchachu au ukali wa magadi. Amitrazi huvunjika upesi katika maji machachu. Ndiyo sababu katika majosho hutiwa chokaa ili idumu. Lakini klofenvinfosi huharibiwa na chokaa hiyohiyo. Kilinzi cha dawa moja ni adui wa nyingine, wala dawa mbili zisichanganywe kwa kubahatisha.

Ya tatu ni chumvi za mawe zilizomo katika baadhi ya maji ya visima. Maji hayo hayatoi povu la sabuni kwa urahisi, na dawa ya mafuta huweza kujitenga ndani yake.

Kupima si kazi ngumu. Tia dawa kidogo katika chupa ya maji, utikise, kisha uiache. Dawa za namna ya mafuta zikichanganyika vema hugeuka nyeupe kama maziwa. Mafuta yakielea juu au mabonge yakizama, tafuta maji mengine. Maji safi ya mfereji au ya mvua ni bora.

Pima dawa kama karatasi yake isemavyo, uichanganye siku ile ile ya kupulizia, wala usiweke masalio mpaka juma lijalo. Usizidishe dawa: humdhuru ng'ombe na kuingia katika maziwa wanywayo watoto. Amitrazi pia ni hatari kwa farasi na jamaa zake, basi usimpulizie punda wa mkokoteni.

Ikiwa maji ni safi, kipimo ni sawa, na kupe wangali hai, huenda wameizoea dawa. Hapo amwite daktari wa mifugo ampe shauri la kuibadili.