Barua pepe likizoni: brauza au programu ya laptopu?

Swali hili huulizwa sana mwaka wa tatu, rasimu za utafiti zinapoanza kwenda na kurudi kwa wasimamizi. Barua pepe uisomee kwenye brauza, au uweke programu kwenye laptopu? Wengi wetu hatujawahi kuchagua. Tulifungua Gmail siku ya kuomba mkopo, tukaendelea hivyo hivyo. Chuoni, kwenye waifai, haina shida. Kasheshe ni likizo.

Kwetu ni Kitangari, wilayani Newala. Anayeujua uwanda wa Makonde anajua habari ya maji. Mchanga wake unayanywa maji ya mvua, kwa hiyo juu huko mito hakuna. Maji husukumwa kwa pampu kutoka Mitema, bondeni, na watu wengi hujichimbia kisima nyumbani cha kuvunia mvua. Bomba likikauka, mwenye kisima bado anapika.

Barua pepe ya brauza ni bomba: barua ziko kwa Google au Yahoo, na kila ukitaka kusoma lazima mtandao uwepo dakika ile ile. Ya programu ni kisima. Thunderbird, kwa mfano, ambayo ni ya bure na ipo tangu 2004, inazivuta barua na kuziweka kwenye laptopu. Mtandao ukikatika unasoma maoni ya msimamizi, unayajibu, na jibu linasubiri kwenye foda ya barua za kutumwa. Ukipata mtandao, hata kwa dakika tano, linaondoka. Mimi nilipokuwa nyumbani nilifanya kazi mchana bila bando, halafu usiku nawasha hotispoti ya simu mara moja, natuma na kupokea, nazima.

Lakini kisima kina masharti yake.

Kwanza, chagua IMAP, si POP. Kwa IMAP barua zinabaki kwenye seva, na laptopu inashika nakala. POP kwa kawaida huzishusha kwenye mashine moja tu, na ikiwekwa vibaya huzifuta kule zilikotoka. Laptopu ikiibiwa kwenye basi, mwenye IMAP anaingia kwa simu na kuendelea. Mwenye POP anaweza kubaki na kilio.

Pili, fanya uvutaji wa kwanza ukiwa bado chuoni. Isipozuiwa, Thunderbird huvuta barua zote tangu ulipofungua akaunti. Hapo ndipo boom huishia kwenye bando. Kwenye mipangilio yake, iambie ivute za siku 30 tu, na iziache barua nzito mpaka uziombe. Kumbuka pia kwamba kiambatisho hukua kwa karibu theluthi moja kikisafiri ndani ya barua: faili la MB 6 linakuwa kama MB 8. Picha za dodoso zipunguze kwanza.

Tatu, usiweke programu hii kwenye kompyuta isiyo yako. Kwenye maabara ya chuo au steshenari, brauza ndiyo sahihi: unaingia, unamaliza, unatoka kwenye akaunti. Ukiweka Thunderbird pale, anayekaa baada yako anasoma barua zako zote. Brauza inashinda pia unapotafuta barua ya miaka miwili nyuma, maana kumbukumbu nzima iko kule kwenye seva.

Na kama kuweka programu kunakuchosha, ipo njia ya katikati: Gmail kwenye brauza ya Chrome ina hali ya kufanya kazi bila mtandao. Unaiwasha kwenye mipangilio, unachagua siku za kuhifadhi, basi. Iwashe kwenye laptopu yako mwenyewe, na kabla ya kusafiri.

Kwa hiyo usiulize ipi ni ya kisasa. Jiulize mambo mawili: kompyuta ni ya nani, na mtandao utakuwepo saa ninayotaka kufanya kazi? Kompyuta ikiwa ya wote, tumia brauza. Ikiwa yako na unaelekea kusikotabirika, jaza kisima kabla hujapanda basi. Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha haijui kwamba kwenu mtandao unasumbua, na msimamizi naye ana wanafunzi wengine wanaomsubiri.