Treni za New York na Nauli ya Senti Tano

Ni saa kumi na moja alfajiri katika jiji la New York, nchini Marekani. Nje bado kuna giza. Kando ya barabara kuna ngazi. Ngazi hizi haziendi juu ya nyumba. Zinateremka chini ya ardhi.

Watu wanashuka. Wako wafagiaji wa maofisi wanaorudi nyumbani baada ya kazi ya usiku. Wako wapishi, wauguzi na mafundi wanaokwenda kazini. Kila mmoja anagusisha kadi au simu yake kwenye chombo kidogo mlangoni. Nauli inakatwa, naye anapita. Baada ya dakika chache ardhi inatetemeka, upepo unavuma kutoka gizani, na treni inafika.

Treni hizi hazilali. Zinakwenda usiku na mchana, siku zote za juma. Zina stesheni 472. Siku ya kazi hubeba abiria zaidi ya milioni tatu.

Ndugu msomaji, huenda unajiuliza: Je, treni hizi ziliingiaje chini ya ardhi? Na nani anayelipia gharama zake? Swali la pili ni gumu kuliko la kwanza. Watu wa New York wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 100.

KWA NINI WALICHIMBA

Sehemu ya katikati ya jiji hilo ni kisiwa kinachoitwa Manhattan. Kisiwa hiki ni kirefu na chembamba. Urefu wake ni kama kilomita 21, lakini upana wake haufiki kilomita 4. Zamani barabara zake zilijaa magari ya farasi. Mtu aliyekaa upande mmoja wa kisiwa hakuweza kufika kazini upande wa pili kwa wakati.

Kuanzia miaka ya 1870 treni zilipitishwa juu ya barabara, kwenye madaraja marefu ya chuma. Zilivutwa kwa injini za mvuke zinazotumia makaa ya mawe. Moshi uliingia madirishani. Majivu na cheche viliwaangukia watu waliopita chini.

Halafu ukaja mwezi Machi mwaka 1888. Theluji nyingi sana ilianguka. Theluji ni maji yaliyoganda, yanayoanguka kutoka mawinguni kama pamba. Upepo ulikuwa mkali, na theluji ikarundikana kupita kimo cha mtu. Treni zilikwama juu ya madaraja, na abiria wakiwa ndani kwenye baridi. Watu wengine walileta ngazi kuwateremsha, lakini waliwatoza fedha kwanza! Baada ya shida hiyo, watu wengi zaidi waliona kuwa treni zipite chini ya ardhi, mahali ambapo theluji haifiki.

KAZI YA VIBARUA

Kazi ya kuchimba ilianza tarehe 24 Machi 1900. Sehemu kubwa ya njia ilijengwa hivi: Barabara ilichimbwa, ukapatikana mtaro mpana na wenye kina. Ndani ya mtaro zikajengwa nguzo za chuma, na sakafu na kuta za zege. Juu yake likawekwa paa. Kisha udongo ukarudishwa na barabara ikatengenezwa upya. Kwa hiyo mahali pengi treni haiko mbali chini. Ukisimama barabarani unaweza kuisikia ikipita chini ya miguu yako.

Penye vilima mtaro haukufaa. Hapo vibarua walipasua mwamba kwa baruti na kutoboa handaki. Kazi hii ilikuwa ya hatari. Tarehe 24 Oktoba 1903, mwamba mkubwa uliporomoka ndani ya handaki upande wa kaskazini wa kisiwa. Watu 10 walikufa. Wengi wao walikuwa Waitaliano waliokuja Marekani kutafuta kazi. Kibarua wa kazi hii alilipwa kama dola 2 kwa siku. Tukumbuke kiasi hiki, tutakitumia tena baadaye.

Treni ya kwanza ilipita tarehe 27 Oktoba 1904. Meya wa jiji, bwana George McClellan, aliombwa aiondoe tu treni, kisha amwachie dereva. Lakini meya alipoonja utamu wa kuendesha, alikataa kuachia. Aliendesha hadi mbali huku wakubwa wa kampuni wakiwa na wasiwasi nyuma yake. Jioni milango ilifunguliwa kwa watu wote. Zaidi ya watu 100,000 walipanda usiku ule. Nauli ilikuwa senti 5.

TRENI INAVYOKWENDA

Treni hizi hazitumii makaa wala mafuta. Zinatumia umeme. Kando ya reli mbili za magurudumu kuna reli ya tatu. Reli hiyo ndiyo inayobeba umeme, na mtu akiikanyaga anaweza kufa papo hapo.

Jambo moja walilofanya wajenzi lilikuwa la akili sana. Mahali pengi hawakuweka njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Waliweka njia nne. Njia mbili ni za treni zinazosimama kila stesheni. Nyingine mbili ni za treni za haraka, zinazosimama stesheni kubwa tu. Mtu anayekwenda mbali hapotezi muda. Tena njia moja ikiharibika, treni huhamishiwa njia nyingine. Ndiyo sababu mojawapo treni za New York zinaweza kwenda usiku kucha huku mafundi wakitengeneza reli.

Ndani ya treni kuna dereva mbele na kondakta katikati. Kila treni inaposimama, kondakta hutoa mkono dirishani na kunyoshea kidole ubao wenye milia myeupe na myeusi. Mgeni akiona anaweza kucheka. Lakini kondakta hachezi. Ubao ule ukiwa mbele yake, maana yake treni yote imefika penye sakafu ya stesheni. Hapo ndipo anaporuhusiwa kufungua milango.

Kuna kazi nyingine ambayo abiria hawaioni. Ni kupiga maji. Chini ya jiji maji hutoka ardhini kama katika kisima. Hata siku isiyo na mvua, pampu hutoa galoni zipatazo milioni 13. Tarehe 29 Oktoba 2012, tufani iliyoitwa Sandy iliisukuma bahari mpaka jijini. Maji ya chumvi yakajaza mahandaki. Maji yalitolewa kwa siku chache, lakini chumvi iliendelea kula nyaya na vyombo vya umeme. Matengenezo yake yalichukua miaka mingi.

WANAOKAA NJE YA JIJI

Wafanyakazi wengi wa New York hawakai jijini. Wanakaa katika miji midogo ya pembeni. Hawa wana treni zao kubwa, zinazopita juu ya ardhi kwa safari ndefu. Asubuhi zinaingia zimejaa. Jioni zinatoka zimejaa. Reli ya Long Island Rail Road huenda mashariki. Ilianzishwa mwaka 1834, na mpaka leo inatumia jina lile lile. Reli ya Metro-North huenda kaskazini. Nyingine zinatoka upande wa magharibi, katika jimbo la New Jersey.

Treni za Metro-North nyingi zinafika Grand Central. Stesheni hii ilifunguliwa tarehe 2 Februari 1913. Ina majukwaa 44 ya kupandia treni, yaliyo katika ghorofa mbili chini ya ardhi. Ilijengwa baada ya msiba. Tarehe 8 Januari 1902, dereva wa treni ya mvuke hakuona ishara ya kusimama kwa sababu ya moshi katika handaki. Aliigonga treni nyingine kwa nyuma, na watu 15 wakafa. Serikali ya jimbo ikatunga sheria ya kupiga marufuku injini za mvuke katika sehemu hiyo.

Jambo dogo la kupendeza: Treni za Grand Central huondoka dakika moja baada ya saa iliyoandikwa ubaoni. Mtu anayekimbia na mzigo wake anapewa nafasi hiyo kimyakimya.

SENTI TANO ZILIVYOLETA TAABU

Sasa turudi kwenye nauli. Jiji na kampuni ya treni walikubaliana kwa mkataba kwamba nauli iwe senti 5. Mwanzoni kampuni ilipata faida nzuri. Lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei za vitu vyote zilipanda. Chuma kilipanda, mishahara ilipanda, lakini nauli ilibaki pale pale. Makampuni yaliomba kuiongeza. Wananchi walikataa, na wanasiasa waliotaka kura waliapa kuilinda senti tano.

Wenye makampuni nao hawakuwa malaika. Mwezi Novemba 1918, madereva wa kampuni moja ya upande wa Brooklyn waligoma. Kampuni haikusimamisha treni. Ilimpa treni karani aliyefundishwa kwa saa chache tu. Tarehe 1 Novemba aliingia kwenye kona kali kwa mwendo wa kasi mno. Mabehewa yalikuwa ya mbao. Yalisagika kwenye ukuta wa handaki. Watu wasiopungua 93 walikufa. Jina la mtaa ule, Malbone, lilitia watu uchungu hata likabadilishwa.

Mwaka 1940 jiji liliyanunua makampuni na kuziweka treni zote chini yake. Nauli ya senti 5 iliendelea mpaka tarehe 1 Julai 1948, ilipokuwa senti 10. Fikiri, miaka 44 bila kubadilika! Mwaka 1953 ikawa senti 15. Mashine za mlangoni hazikuweza kupokea sarafu za aina mbili kwa pamoja. Kwa hiyo ikatengenezwa sarafu maalumu ya treni, isiyotumika dukani.

Wafanyakazi nao walidai haki yao. Chama chao kilianzishwa mwaka 1934. Kiongozi wake, ndugu Mike Quill, alikuwa mtu wa Ireland aliyewahi kufanya kazi stesheni. Tarehe 1 Januari 1966 aliongoza mgomo uliosimamisha treni na mabasi kwa siku 12. Mahakama ilimtia ndani. Akiwa kizuizini moyo ulimshika, akapelekwa hospitali. Wafanyakazi walipata nyongeza, lakini yeye alikufa mwezi ule ule.

Kuanzia mwaka 1968 treni za jiji ziliwekwa chini ya shirika la jimbo. Lakini jiji lenyewe lilikuwa linafilisika, na mwaka 1975 karibu lishindwe kulipa madeni. Matengenezo yaliahirishwa mwaka hadi mwaka. Hapo ndipo ubaya ulipoonekana. Milango ilikwama. Taa zilizimika. Treni ziliacha reli. Vijana walipaka mabehewa rangi na maandishi ndani na nje, hata abiria hakuweza kuona stesheni kupitia dirishani. Mwisho wa miaka ya 1970, abiria wa mwaka mzima walikuwa kama nusu ya wale wa mwaka 1946.

Mkuu wa shirika, bwana Richard Ravitch, alikwenda kwa wabunge wa jimbo kuomba ruhusa ya kukopa fedha nyingi za kutengeneza. Alikubaliwa, na mpango wa kwanza ukaanza mwaka 1982. Bwana David Gunn alipokuja mwaka 1984, kazi ya kusafisha ilitiliwa mkazo. Behewa likishasafishwa, halikuruhusiwa tena kubeba watu likiwa limepakwa. Vijana walipaka, kazi yao haikuonekana na mtu, wakachoka. Behewa la mwisho lenye maandishi liliondolewa mwezi Mei 1989.

NANI ANALIPA SASA

Ubishi haujaisha. Nauli peke yake haitoshi. Kodi nazo zinatumika. Kuanzia tarehe 5 Januari 2025, mwenye gari dogo anayeingia sehemu ya kusini ya Manhattan wakati wa mchana anatozwa dola 9, na fedha hizo zinakwenda kwenye treni na mabasi. Wenye magari wengi walikasirika. Mwezi Februari mwaka ule serikali kuu ya Marekani ilijaribu kuufuta utaratibu huo, na shauri likaenda mahakamani.

Yako pia malalamiko ambayo sisi tunayaona ni ya haki. Stesheni nyingi hazina lifti. Mlemavu mwenye kiti cha magurudumu, au mama mwenye mtoto na kigari chake, anakuta ngazi tupu. Mwaka 2022 shirika lilikubali kutengeneza karibu stesheni zote, lakini limejipa muda mpaka mwaka 2055. Mlemavu ambaye leo ni kijana atakuwa mzee.

Nauli ya sasa ilianza tarehe 4 Januari 2026. Ni dola 3, yaani senti 300. Imepanda mara 60 tangu siku ya meya McClellan. Lakini hebu tupige hesabu. Kibarua aliyechimba njia alipata dola 2 kwa siku. Kwa fedha hizo angeweza kupanda treni mara 40. Leo kima cha chini cha mshahara jijini New York ni dola 17 kwa saa. Kwa saa 8 mfagiaji wa ofisi anapata dola 136. Akizigawa kwa nauli ya dola 3, anapata safari 45.